Muulize Bibi Shamba: Huyu Ni Mdudu Gani?

Mvua za masika zimetuletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza mambo mawili yaleyale: huyu ni nani, na nimfanye nini? Safari hii nimechagua zilizotoka kwenye bustani za vijijini, zile za nyuma ya nyumba zenye mchicha, kunde, mndimu, migomba na mnazi mmoja au miwili. Katika bustani ya namna hiyo mtu hukutana na wadudu wa makabila mengi zaidi kwa asubuhi moja, kuliko atakavyokutana nao katika ekari ishirini za mahindi matupu.

Nina ombi dogo kabla ya kujibu. Anayetuma picha na ampige picha mdudu akiwa palepale alipomkuta, iwe juu ya jani au chini ya gome, akiweka pembeni sarafu au njiti ya kiberiti ili nipate kujua ukubwa wake, na aniandikie jina la mmea, kwa kuwa mara nyingi mmea hunitajia mdudu hata kabla sijamtazama mdudu mwenyewe. Bahasha moja mwezi huu ilifika ikiwa na doa la kahawia na bawa moja, maana muhuri wa stempu ulikuwa umempata na mdudu. Mwenye bahasha hiyo naomba aandike tena.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Kunde zangu zimeingiliwa na vidukari weusi waliojaa kwenye machipukizi. Kati yao kuna wadudu wengine wenye umbo la mamba mdogo, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wanaokimbia huku na huku. Nilidhani hao ndio mama zao, nikawaponda kwa vidole kwa siku tatu, lakini vidukari wamezidi. Nipulize dawa gani? – Mama mkulima, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipulize dawa yoyote, na vidole navyo vipumzike, kwa sababu hao vimamba uliowaponda ndio waliokuwa wakikufanyia kazi. Ni watoto, yaani lava, wa mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumtembeza kidoleni. Wala si ajabu kwamba hukuwatambua. Mtoto wa panzi hufanana na panzi, na mtoto wa mende hufanana na mende, lakini mtoto wa mbawakawa, kama alivyo mtoto wa kipepeo au wa nzi, hana sura yoyote ya mzazi wake mpaka apite katika hali ya pupa, anapotulia bila kutembea, na kutoka upya.

Kesho asubuhi, jua likiwa bado dogo, kaa chini karibu na mkunde mmoja uutazame kwa robo saa. Utamwona lava akimkamata kidukari, akimnyanyua na kumfyonza mpaka ibaki ngozi tupu, kisha akihamia kwa wa pili bila kupumzika. Kabla hajakomaa atakuwa amekula mamia. Geuza majani ya chini utafute mayai yake, ambayo ni ya manjano, yamesimama wima kwa kubanana kama punje za mtama zilizopangwa na mtu mwenye subira. Ukiona kitu cha rangi ya chungwa kimegandia jani kwa mkia, kimejikunja na hakitembei, hiyo ni pupa, usiibandue. Tangu yai hadi mdudu kamili, katika joto la Muheza, ni wiki tatu au nne hivi.

Sasa watazame na vidukari wenyewe. Baadhi yao utawaona wamevimba, wamekauka, na rangi yao imekuwa ya kahawia kama karatasi ya kaki, na ukisogeza jicho utaona tundu dogo la mviringo mgongoni. Hao walitagwa mayai ndani ya mwili na nyigu mdogo mno, na lile tundu ni mlango aliotokea mtoto wa nyigu baada ya kumla mwenyeji wake kutoka ndani. Nao waachie.

Swali lako la kweli ni kwa nini vidukari wanazidi. Kwanza, kidukari jike hahitaji dume ili azae, na huzaa watoto walio hai badala ya mayai, kwa hiyo wachache huwa wengi katika muda wa wiki moja. Pili, ulikuwa ukiwaondoa maadui zao. Tatu, nakisia kuna msafara wa sisimizi unaopanda na kushuka shinani. Vidukari hunya umande mtamu, na sisimizi huufuata kama mfugaji anavyofuata maziwa, naye huwafukuza wadudu kibibi ili mifugo yake isiguswe. Zungushia shina majivu makavu na uyarudie kila baada ya mvua. Machipukizi yaliyofunikwa kabisa yakate uyatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na yaliyobaki yaachie hao vimamba wamalize.

Lakini nisikudanganye kwamba kila mdudu kibibi ni rafiki. Kuna wa ukoo wao anayekula majani ya maboga, matango na matikiti. Huyo hang'ai, mgongo wake umefifia kwa sababu ya vinyweleo vifupi, madoa yake ni mengi, na lava wake ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi mwili mzima. Jani alilokula hubaki na mishipa na utando mwembamba kama chandarua. Ukimkuta kwenye boga, na hakuna kidukari hata mmoja karibu, hapo vidole vyako vina ruhusa.

SWALI: Assalaam alaykum Bibi Shamba. Nimerithi shamba dogo la minazi na michungwa hapa Unguja. Miti yote imejaa sisimizi maji moto. Mkwezi wangu amegoma kupanda, na mimi mwenyewe nikichuma machungwa narudi nyumbani nikijikuna hadi usiku. Pia baadhi ya makuti machanga yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Nataka dawa ya kuwaua wote. – Kijana wa Kusini Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, kijana wangu. Umerithi mali ambayo hujaijua bado, na kwa kuwa swali lako lina uzito kuliko mengine yote ya mwezi huu, nitalijibu kwa urefu.

Maji moto hahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kumgusa, lakini huenda hujawahi kukaa ukamtazama akijenga. Anapotaka nyumba, wafanyakazi hujipanga mstari kwenye ukingo wa jani moja, wakaung'ata ukingo wa jani la pili kwa taya na kuyavuta yakutane. Nafasi ikiwa kubwa hushikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, kama wavuvi wanaovuta juya. Kisha hutokea wengine, kila mmoja amebeba mdomoni lava mdogo mweupe. Lava huyo hutoa uzi wa hariri, na mfanyakazi humpitisha huku na huku kati ya kingo mbili kama fundi anavyopitisha sindano. Kwa hiyo kile kifurushi cha majani unachokiona mchungwani kimeshonwa na watoto. Mchomo wenyewe ni mambo mawili kwa pamoja: hung'ata, halafu hukunja tumbo na kumwagia kidonda tindikali yake, ndiyo maana wazee walimpa jina hilo.

Mnazi una adui ambaye wengi hawamwoni. Ni kunguni wa mimea, wa rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, mwenye urefu wa kama sentimita moja na nusu, anayedunga vidaka, yaani nazi zikiwa changa kabisa, kwa mdomo wake mrefu na kuvinyonya. Kidaka kilichodungwa kikiwa kichanga hudondoka kabla ya kufika kitale; kikinusurika, hukua na makovu na wakati mwingine na machozi ya gundi, na nazi yake huwa ndogo, yenye umbo lililopinda. Jina la kisayansi la mdudu huyu ni Pseudotheraptus wayi, na hilo neno la pili limetoka kwa mtafiti Way, ambaye katika miaka ya 1950 alichunguza maji moto na minazi hukohuko kwenu Zanzibar. Kilichoonekana ni kwamba mnazi wenye maji moto wengi hauharibiwi sana na kunguni huyo, kwa kuwa hapati nafasi ya kukaa na kunyonya. Bara nako, kwenye mikorosho, maji moto huwazuia kunguni wadogo wenye umbo la mbu ambao hukausha machipukizi.

Nenda basi chini ya minazi yako na uokote vidaka vilivyoanguka. Mnazi huangusha baadhi ya vidaka vyake wenyewe, hilo ni la kawaida, ila linganisha mnazi wenye maji moto na ule usio nao, nawe utapata jibu lako bila mimi. Ukiona mnazi usio nao una sisimizi wadogo wa kahawia wanaotoka ardhini kwenye shina, na baadhi yao wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili, umempata mshindani wake. Hao wenye vichwa vikubwa huwafukuza maji moto wasishike mti, na hustawi zaidi pale ardhi inapopaliliwa ikabaki nyeupe. Acha majani mafupi au mimea ya kufunika udongo kati ya minazi, na funga kamba au fito kutoka mti wenye maji moto hadi ule usio nao, ili wapate daraja.

Kwa mchungwa nitasema tofauti kidogo. Maji moto hufukuza wadudu wengi waharibifu, lakini naye ni mfugaji kama sisimizi wa mama wa Muheza, na huwalinda wadudu gamba na vidung'ata wa unga mweupe kwa ajili ya umande wao. Ukiona majani ya mchungwa yamepakwa ukungu mweusi kama masizi, kata tawi lile lililojaa mifugo yake ulichome, lakini usiangamize kundi zima.

Kuhusu mkwezi, haki ni yake. Apande alfajiri, umande haujakauka, wakati maji moto bado ni wazito. Ajipake majivu makavu mikononi na miguuni, maana hawapendi kuyakanyaga. Na umwongezee ujira kidogo. Utalipa fedha hizo kwa nazi zilezile ambazo maji moto wamekuokolea.

Makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi si kazi yao kamwe. Huyo ni chonga, mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe moja juu ya kichwa. Huingia usiku kwenye kilele cha mnazi na kutoboa makuti yakiwa bado yamekunjwa, hivyo yanapofunguka huonekana yamekatwa kwa umbo la herufi V. Tafuta tundu lenye machujo ya nyuzi, umchomoe kwa waya wenye ndoano. Halafu tazama chini, kwani watoto wake, wale mafunza wanene weupe waliojikunja, hukulia ndani ya magogo ya minazi yanayooza na kwenye malundo ya samadi. Gogo moja ulilolisahau nyuma ya banda linaweza kulisha chonga wa shamba zima.

SWALI: Bibi Shamba, kwenye miche yangu ya midimu kuna vinyesi vya ndege vinavyotembea. Sifanyi mzaha. Mume wangu alipokigusa kimoja kilitoa pembe mbili nyekundu na harufu mbaya, akakimbia. Je, kina sumu? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Mwambie baba watoto arudi bustanini, hakuna sumu hapo. Ni viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa na mikanda ya manjano hafifu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus, na ambaye hupatikana karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara palipo na mchungwa, mlimau au mndimu. Jike hutaga yai mojamoja, la mviringo na la manjano, kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo ni wa kahawia iliyokolea, ana baka jeupe katikati na mng'ao wa unyevunyevu, hivi kwamba ndege mwenye njaa humpita akidhani ni kinyesi cha mwenzake. Akikua hubadili shati: huwa wa kijani kabisa, mwenye mistari ya kahawia ya mshazari, na hapo hata wewe utamtafuta kwa shida.

Zile pembe ni kiungo laini chenye umbo la uma, kinachokaa kimefichwa nyuma ya kichwa na kutolewa pale tu anapotishwa. Harufu yake, inayofanana na machungwa yaliyooza, imekusudiwa sisimizi na nyigu, na imemtosha mumeo pia.

Kama midimu yako ni mikubwa, waache, kwa maana mti mkubwa hautikisiki kwa viwavi sita. Miche ya kitalu ni jambo jingine. Kiwavi mmoja aliyekomaa anaweza kuumaliza mche wenye majani kumi kwa siku chache. Waokote kwa mkono kila asubuhi uwahamishie kwenye mlimau wa zamani, kama unao. Watoto wakitaka, mmoja awekwe kwenye chupa pana yenye matundu na kijitawi cha mndimu, alishwe majani mabichi kila siku, nao watamwona akijifunga mkanda wa uzi kiunoni kabla ya kuwa pupa.

SWALI: Habari yako Bibi Shamba. Baada ya mvua, watu wawili nyumbani wameamka na malengelenge shingoni, mengine yamefuata mstari kama wa kiboko. Tulipotafuta tukapata wadudu wembamba wekundu na weusi kwenye taa. Wengine wanasema wanauma, wengine wanasema wanakojoa. – Msomaji, Voi

JIBU: Hawaumi wala hawakojoi. Huyu ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi, jina ambalo limekosea, kwa kuwa si nzi bali ni mbawakawa, ingawa mabawa yake magumu ni mafupi mno na huacha sehemu kubwa ya tumbo wazi, jambo linalomfanya afanane na sisimizi mrefu. Urefu wake haufiki sentimita moja au huifikia kwa shida. Kichwa ni cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa ya buluu iliyokolea inayong'aa, na tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya damu ya mwili wake, na haitoki mpaka umponde. Mtu hupigwa na usingizi, anahisi kitu kinatambaa shingoni, anakisugua kwa kiganja, na ule msuguo ndio unaochora mstari. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati mtu ameshasahau. Sumu ikimwagikia mkunjo wa kiwiko, upande wa pili nao hupata kidonda cha umbo lilelile.

Akitua juu yako, mpulize kwa pumzi au umtandikie karatasi apande, kisha umtupe nje. Ukishamponda, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, usijiguse macho, na nguo ulizovaa zifuliwe. Sumu ikiingia jichoni, au malengelenge yakianza kutoa usaha, nenda zahanati bila kungoja. Taa ya nje izimwe mapema na kitanda kiwe na chandarua kilichochomekwa, kwa sababu huvutwa na mwanga. Huzidi sana mwaka wa mvua nyingi, kama ilivyokuwa nchini Kenya wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mchana huishi kwenye udongo wenye unyevu akiwinda wadudu wadogo, wakiwemo wanaoharibu mboga zenu, na hapo hana ugomvi na mtu.

SWALI: Usiku wa mvua, mdudu mnene wa kahawia kama kipande cha soseji chenye mabawa hujigonga kwenye taa yetu na kuanguka mezani. Mkia wake unajikunja kama unaotaka kudunga. Ni nyigu? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Ni dume la siafu. Najua hutaniamini, kwa kuwa siafu umjuaye ni mdogo, hana mabawa na hana macho, lakini madume yao huzaliwa wakubwa, na huruka usiku kutafuta makundi mengine yenye malkia. Hana mwiba, kwa hiyo kule kujikunja kwa mkia ni vitisho tu. Mtoe nje kwa kipande cha karatasi.

SWALI: Kuna mti nyuma ya nyumba yetu unaodondosha matone ya maji wakati wa jua kali, hata pakawa na tope chini yake. Majirani wanasema ni mti wa baraka. – Msomaji, Kilifi

JIBU: Sitaki kugombana na majirani zako. Hata hivyo, tazama matawi ya juu utafute mapovu meupe kama mate. Ndani ya kila povu kuna watoto wa mdudu anayenyonya maji ya mti kutoka ndani ya mirija yake. Kwa kuwa maji hayo yana chakula kidogo sana, inambidi anyonye mengi na kuyatoa mengi, na wanapokusanyika kwa mamia tawi moja hugeuka bomba bovu. Povu huwakinga na jua na maadui. Mti wenyewe kwa kawaida haudhuriki.

SWALI: Bibi Shamba, nyuki mweusi mnene, mkubwa kama kidole gumba, anatoboa nguzo za uchanja wa pesheni wangu. Vumbi la mbao linaanguka kila siku. Nimefikiria kumwagia mafuta ya taa kwenye matundu. – Mkulima, Mvomero

JIBU: Tafadhali weka kibiriti na mafuta yako mbali, maana ungewaua vibarua wako usiowalipa. Ua la pesheni lina chavua juu kabisa, pamoja na zile ncha tatu za kuipokea, zote zikiwa zimening'inia mbali na asali iliyoko chini. Nyuki wa kawaida wa asali ni mdogo mno. Huingia, hunywa au huchukua chavua, akatoka bila mgongo wake kugusa panapotakiwa. Huyu mnene akiinama kunywa, mgongo wake husugua chavua juu, akaipeleka ua la pili. Ukikaa saa saba mchana karibu na uchanja, utamwona akitoka na mgongo wote umekuwa wa manjano. Mahali asipokuwepo, wakulima hulazimika kupaka chavua kwa mkono, ua kwa ua.

Mbao hazili. Jike hutoboa tundu la mviringo linaloingia kidogo kisha kukata kona kufuata nyuzi za mti, na ndani hutengeneza vyumba, kila kimoja kikiwa na donge la chavua na asali, yai moja, na ukuta wa unga wa mbao. Yule mwingine wa manjano au wa dhahabu anayekuzunguka kichwani kwa kelele ni dume, naye hana mwiba hata kidogo. Nguzo ambazo bado ni nzima zipake oili chafu, na karibu na uchanja uning'inize magogo makavu ya mti laini, ili waachane na nguzo zako wahamie huko. Nguzo iliyotoboka sana ibadilishe, ila usiichome. Ilaze pembeni mpaka waliomo watoke.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano. Mwalimu alisema wadudu wana miguu sita. Nimemhesabu kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ana miguu minne. Nimemhesabu vunjajungu, naye anatembea kwa minne. Nikimshika vunjajungu ni kweli nitavunja chungu? – Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Katika barua zote za mwezi huu yako ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa wewe ulihesabu, na wakubwa wengi walioniandikia hawakuhesabu.

Mwalimu wako yuko sahihi, na macho yako pia yako sahihi. Vunjajungu ana miguu sita, ila miwili ya mbele ameigeuza mikono ya kuwindia: imekunjwa kifuani, ina miiba kama msumeno, na humnasa nayo panzi kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Ukimwacha apande mlima mkali au apite kwenye kijiti chembamba, utaona wakati mwingine akiishusha na kuitumia kutembea. Kuhusu chungu, hayo ni maneno ya wazee, kwamba anayemshika atavunja chombo cha kwanza atakachokigusa. Mimi nimeshika wengi, na vyungu nilivyovunja nilivivunja kwa haraka yangu mwenyewe. Usimbane tu tumbo, kwa sababu ni laini.

Kipepeo wako ni wa jamii kubwa ambayo miguu yake ya mbele imedumaa. Ipo, lakini ni mifupi, na ameikunja chini ya kidevu hata isionekane bila kioo cha kukuzia. Jike wa jamii hiyo huitumia kupapasa jani kwa harakaharaka kabla ya kutaga, akionja kama ndilo jani ambalo watoto wake wanaweza kulila. Huyo wa rangi ya chungwa uliyemtaja, viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake akishakuwa kipepeo, ndiyo maana huruka polepole bila hofu ya ndege. Angalia usichanganyikiwe, maana kuna kipepeo mwingine ambaye jike wake anamwigiza rangi kwa rangi ingawa yeye hana sumu.

Sasa nina kazi kwa ajili yako. Katika ukurasa huuhuu kuna barua kutoka Lushoto kuhusu viwavi wa mndimu. Mtafute kipepeo wao, yule mkubwa mweusi mwenye manjano, anapotua asubuhi kabla mwili wake haujapata joto, umhesabie miguu, kisha uniandikie umepata mingapi.